Sahani ya Pili, Makambako

1

Takwimu za robo ya tatu zilimfikia Sekela Mwaisaka Jumatatu asubuhi, na tangu hapo hakuruhusiwa kumjibu mtu hata marahaba. Ndiyo ilikuwa sheria. Anayebeba matokeo ya kampuni kabla hayajasomwa kwenye soko la hisa hukaa kimya mpaka siku ya kusoma, na pale makao makuu ya kampuni ya Tandala, Dodoma, wenzake walimwita mwali. Walimletea chai, wakagonga mlango, wakaiacha chini na kuondoka. Mmoja wao hakuchoka kuuliza, kwa sauti ya kutosha kusikika ndani, kama mwali ameshachezwa au bado.

Alizisoma takwimu kwa utulivu wa mtu anayesoma risala ya harusi isiyomhusu. Saruji ilikuwa imepanda. Nyaya za umeme zilikuwa zimeshuka kidogo kwa sababu ya bei ya shaba. Majokofu yalikuwa palepale, kama kawaida yao. Magoti ya bandia, ambayo Tandala iliyaanza karibu kwa mzaha, sasa yaliingiza faida kuliko majokofu. Kampuni inayotengeneza kila kitu ina bahati hiyo: hata siku ya msiba, hakosekani mtoto mmoja wa kucheka.

Kisha akafika kwenye kitengo cha pampu za umwagiliaji, Makambako. Mauzo yalikuwa ya wastani. Mtazamo wa robo ijayo ulikuwa na mstari mmoja: kitengo kitafungwa. Sababu: mafundi wanaomimina chuma cha moto kwenye kalibu watahamia kiwanda kipya cha Songwe, kilichowapa ofa ya kazi inayokwisha siku ya kusomwa matokeo. Bila mafundi hao hakuna pampu.

Mstari huo haukuandikwa na mtu. Ulitoka kwenye mtambo ambao kwenye nyaraka uliitwa Kikokotozi cha Mtazamo, na ambao kila mtu, kuanzia wafagizi hadi wajumbe wa bodi, aliuita Ramli. Ramli ilipima kila kitu: mvua, bei, joto la matanuri, hata jinsi watu walivyokuwa wakiburuta miguu getini asubuhi. Ilikosea mara chache sana. Lakini kutokukosea kwake kulikuwa na siri ambayo haikuwa siri. Msomaji akishatamka kwamba kitengo fulani kitafungwa, mitambo ya mabenki hukata mkopo na mitambo ya wauza chuma chakavu hupeleka mizigo kwingine, hata kabla msomaji hajameza mate. Kitengo kinafungwa. Ramli inahesabiwa kwamba imepatia.

Sauti ya mtu ilihitajika kwa sababu huko nyuma mitambo ilisomeana taarifa za uongo mpaka masoko yakaanguka. Ndipo ikaja Sheria ya Koo. Kila raia alikuwa na punje ndogo kooni, iliyotia sahihi kila neno alilotamka, na kwa punje hiyo alifungua mlango, alilipa nauli na kupiga simu. Punje ya msomaji iliongezewa kibali. Neno lake lilikuwa neno la kampuni, na hapakuwa na mtambo wa kuliiga.

Jioni ile simu iliita, nayo ikaonyesha jina la mama yake aliyeko Tukuyu. Sekela aliitazama mpaka ikanyamaza. Kila jioni walikuwa wakiongea, isipokuwa siku za umwali, na kila robo mama yake alijifanya amesahau.

2

Mwasisi wa Tandala, aliyeanza kwa kuchomelea mageti, aliacha desturi moja ambayo wanasheria walishindwa kuing'oa. Kabla ya kusoma, msomaji lazima aende kwenye kiwanda kimojawapo akale chakula cha mchana na wafanyakazi, ili atakapotaja kitengo awe anazijua nyuso. Uliitwa mlo wa robo. Msomaji hakuruhusiwa kusema, ila kula aliruhusiwa. Kiwanda kilichaguliwa kwa kura, na robo ile kura ikaangukia Makambako. Sekela alitamani kwa moyo wote iangukie kwenye saruji.

Shida ni kwamba watu hawaishi karibu na kimya bila kukitafsiri. Miaka na miaka wafanyakazi wa Tandala walikuwa wakiisoma sahani ya msomaji. Akibakiza, robo mbaya. Akiongezewa, robo njema. Mwaka fulani msomaji mwenye vidonda vya tumbo alibakiza chakula kwenye kiwanda cha majokofu. Nusu ya mafundi waliacha kazi wiki ileile, na majokofu yakadorora kweli. Tangu hapo wanasheria wakaweka kanuni: msomaji ale nusu ya sahani, asizidishe wala asipunguze, kisha anawe.

Sekela alifika Makambako saa saba mchana, katika baridi ya kukunja vidole, akiwa hajatia kitu mdomoni tangu jana yake. Mstari ule mmoja ulikuwa umemwondolea hamu ya kula. Getini alipokelewa na Otmari Mwalongo, mkuu wa tanuri, mtu mpana mwenye nyusi zilizoungua zikaota upya mara nyingi.

"Kamwene, dada," Otmari alisema, akampa mkono. "Najua hujibu. Karibu, tutaongea sisi, wewe utasikia."

Bwaloni walikuwa wamejaa, na wote walijifanya wako kwenye mazungumzo yao. Wakati wa kupanga foleni Sekela alisikia neno Songwe likitajwa huku na huku. Mwanamke mmoja alikuwa akimwambia mwenzake kwamba huko wanatoa nyumba zenye maji ya moto. Mwenzake akasema maji ya moto hata hapa yapo, ni kuwasha kuni tu.

Mpishi alikuwa Mama Gaudensia, ambaye amewalisha watu wa kiwanda kile tangu matanuri yalipowashwa. Alimpakulia viazi na maharage yaliyoungwa kwa vitunguu vingi. Sekela alikaa kati ya Otmari na yule mwanamke wa maji ya moto, akaanza kula, na chakula kilipogusa tumbo akajua jinsi alivyokuwa na njaa. Alikula nusu. Hakuona alipoivuka nusu. Alipotazama tena, sahani ilikuwa nyeupe, na Mama Gaudensia alikuwa amesimama mbele yake na upawa.

"Mwanangu, umekonda," mama yule alisema. "Nikuongezee?"

Mtu aliyelelewa Tukuyu hafundishwi kukataa mkono wa mama anayepakua. Mkono wa Sekela ulijua hilo kabla kichwa chake hakijakumbuka kanuni, au labda kichwa kilikumbuka na mkono ukakataa kukisikiliza. Baadaye alijiuliza sana swali hilo. Alichokuwa na hakika nacho ni kwamba alinyoosha sahani.

Maharage yalianguka kwenye sahani na kila mtu akayasikia.

Otmari aliweka kijiko chini. Akajifuta mdomo, akagusa koo lake kwa vidole viwili kama mtu afanyavyo anapotaka punje imsikie, akasema taratibu, "Ofa ya Songwe. Nakataa."

Neno la koo halirudi nyuma. Sekela alitaka kumshika mkono. Alifungua mdomo, akakumbuka, akaufunga. Upande wa pili yule mwanamke alicheka kidogo, akagusa koo. "Ofa ya Songwe. Nakataa. Nitachemsha yangu." Kisha meza iliyofuata, na iliyofuata. Wengine walisema wakitafuna. Nakataa. Nakataa. Mtu mmoja nyuma kabisa alisita, akawatazama wenzake, akasema naye.

Sekela aliimaliza sahani ya pili, kwa sababu kuibakiza kungekuwa vibaya zaidi. Kila tonge lilipita kwa shida. Aliwaonea huruma na kujichukia kwa wakati mmoja, na hakuweza kuonyesha lolote kati ya hayo.

3

Mtu pekee aliyeruhusiwa kuongea naye alikuwa Faraji Kilindo, mkurugenzi wa fedha, kwa kuwa naye alikuwa amezisoma takwimu. Zamani Kilindo mwenyewe alikuwa msomaji, na kibali chake hakikuwahi kufutwa. Alimpokea Sekela ofisini kesho yake asubuhi, akammiminia chai, akaketi mbele yake.

"Ulikula sahani mbili," alisema.

"Nilikuwa na njaa, Mzee."

"Sikatai. Baridi ile, hata mimi ningekula na upawa wenyewe." Akasogeza kikombe. "Wote wamekataa Songwe?"

"Wote wa tanuri. Nimewasikia kwa masikio yangu. Kwa hiyo sababu ya kufungwa haipo tena. Ramli iangalie upya."

"Ramli ilifunga kupokea taarifa Jumapili. Haijui kilichotokea jana, na sheria inasema isijue. Ingekuwa inarudiwa kila mtu anapopata habari mpya, kila kampuni ingeirudia mpaka ipate jibu tamu. Inarudiwa kwa sababu moja tu, na unaijua."

Aliijua. Msomaji atamke mbele ya soko kwamba mtazamo umechafuliwa, yaani kuna aliyewadokeza watu kabla ya siku, na amtaje aliyeuchafua. Aliyetajwa punje yake huzimwa papo hapo, maisha. Mtu wa namna hiyo huongea na watu kama kawaida, na huimba akitaka. Lakini mlango, benki, gari la abiria na simu haviisikii sauti yake. Sekela aliwahi kumwona mmoja kituoni, mtu aliyevaa suti safi, akimwomba kila apitaye amsemee nauli.

"Ukisoma kama ilivyoandikwa," Kilindo aliendelea, "hujamdanganya mtu. Kila neno lilikuwa kweli."

"Lilikuwa kweli Jumapili."

"Matokeo yote husomwa yakiwa yamechacha kidogo. Robo ni jambo lililokwisha pita."

"Na hawa waliokataa kazi? Nikisoma, kesho hawana kiwanda, na Songwe hawawezi kurudi."

"Wamekataa kwa sababu ya ushirikina wa sahani. Wewe hukuwaambia kitu."

"Niliwaambia, Mzee. Tunajua sote kwamba sahani inasema. Ndiyo maana mkaweka kanuni ya nusu. Hamkatazi bubu kupiga kelele."

Kilindo alitabasamu, kisha tabasamu likaisha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amefunga vitengo vingi maishani mwake na hakuwahi kulala vizuri baada ya hata kimoja.

"Basi sikiliza na upande wa pili," alisema. "Songwe wangewalipa vizuri kuliko sisi. Kama usingenyoosha sahani, leo wangekuwa wanafunga mizigo kwenda kwenye nyumba zenye maji ya moto. Umewazuia. Sasa unataka kutoa koo lako ili wabaki kwenye pampu ambazo hata Ramli ikizipa mwaka huu, ya mwakani haiyajui. Na Ramli ikirudia, ikasema vilevile? Utakuwa umeliwa pande zote."

Lililomuuma Sekela ni kwamba mzee hakukosea mahali. Alifikiria simu inayoita kutoka Tukuyu kila jioni. Akafikiria pia yule mtu wa nyuma kabisa bwaloni, aliyesita, akawatazama wenzake.

"Wewe ungefanya nini?" aliuliza.

"Mimi ningesoma," Kilindo alisema. "Nimesoma mara nyingi."

4

Ukumbi wa soko ulikuwa na viti vingi na watu wachache, kwa kuwa wasikilizaji wa kweli hawakuhitaji viti. Walikuwa mitambo, katika miji ambayo Sekela hatafika. Alisimama mbele ya kinasa sauti, akataja jina lake, na taa ya kijani ikawaka kuthibitisha koo.

Alianza na saruji. Sauti yake ilikuwa tulivu, ya kazi, na kwenye ubao nyuma yake hisa za Tandala zilipanda kabla sentensi haijaisha. Alitaja nyaya, zikashuka kiasi. Majokofu hayakumshtua mtu. Kwenye magoti ya bandia mtu mmoja alipiga makofi, akaona yuko peke yake, akaacha.

"Kitengo cha pampu, Makambako," alisema, akanyamaza.

Kimya cha msomaji nacho kina bei. Ubao ulianza kutetemeka. Kilindo, aliyeketi safu ya mbele, aliangalia mikono yake. Sekela aliogopa, woga wa kawaida kabisa wa mtu aliye juu ya daraja bovu. Lakini aliona wazi jambo moja: watu wale walikuwa wamelipokea neno lake, liwe la mdomo au la sahani, na neno hilo lilikuwa na mwenyewe. Kama lingewatajirisha au kuwafukarisha, hilo hakulijua. Alichojua ni kwamba hawezi kulitoa mchana na kulikana kesho yake.

"Mtazamo huu umechafuliwa," alisema. "Aliyeuchafua ni mimi, Sekela Mwaisaka, msomaji. Nilikula sahani mbili."

Sentensi ya mwisho haikutakiwa na sheria, na watu wawili watatu walicheka. Taa ya kijani ikazimika. Alisema tena, "Samahani," na hakusikika zaidi ya safu ya pili.

Ramli ilirudia hesabu kwa muda usiozidi wa kunywa kikombe cha chai. Hapakuwa na msomaji mwingine wa Tandala ukumbini, kwa hiyo Kilindo aliinuka, akatengeneza koti, akataja jina lake. Taa ikawaka. Ilikuwa miaka mingi tangu ilipowaka kwa ajili yake.

"Kitengo cha pampu, Makambako," alisoma. "Mtazamo wa robo ijayo: kitaendelea. Sababu: mafundi wamebaki." Akageuza ukurasa ambao haukuwa na kitu. "Mtazamo wa baada ya hapo: haujulikani."

Sekela alisimama kando ya ukuta. Hakufurahi. Alihisi kama mtu aliyetua mzigo kichwani, ambaye shingo bado haijaamini. Alikwenda mlangoni, akasema, "Fungua," na mlango ukabaki umefungwa. Akasema tena kwa mazoea. Nyuma yake Kilindo alikuwa amefika.

"Fungua," mzee alisema, na mlango ukafunguka. Alimsindikiza mpaka kituoni, akamsemea nauli ya Tukuyu, akasimama pale mpaka gari likaondoka. Hakuna aliyetaja tena habari za sahani.

5

Mama yake alikuwa nyuma ya nyumba akimenya ndizi. Aliposikia sauti ya Sekela mlangoni, kwa mazoea alidhani ni simu, akaitafuta mfukoni.

"Ni mimi, mama. Nimekuja mwenyewe."

Mama yake alimtazama juu hadi chini. Habari zilikuwa zimeshafika. Tukuyu nzima ilikuwa inajua kwamba binti wa Mwaisaka amefungwa koo kwa ajili ya maharage. Mama aliweka ndizi jikoni, akakoleza moto, na jua lilipoelekea kilimani akampakulia sahani iliyojaa. Sekela alikula kama mtu aliyekuwa akizuiwa.

Simu iliita ikiwa juu ya kigoda kati yao. Mama yake akaipokea.

"Ndiyo, hapa ni kwa Mwaisaka. Gaudensia? Wa Makambako?" Alisikiliza, akamgeukia Sekela huku simu iko sikioni. "Ni yule mpishi wenu. Amenitafuta kwa jina la ukoo. Anasema tanuri linawaka. Anasema Otmari amenuna, amesikia wenzao wa mji mwingine waliokubali Songwe wameshapewa nyumba. Lakini wengine wanakushukuru." Akasikiliza tena. "Anauliza kama siku ile ulishiba."

Sekela alicheka, na macho yakamjaa machozi kwa pamoja. Alimhurumia Otmari, na hakujua kama atamwomba radhi au atamwacha anune mpaka pampu zipate mwaka wa pili. Akainama karibu na simu.

"Nilishiba, mama," alisema. "Mwambie Otmari—"

Lakini kwenye simu hakikwenda kitu. Sauti ya Gaudensia ilitoka ikiwa kubwa, ya mtu aliyezoea kuita watu kwenye foleni. "Haloo? Nasema, alishiba? Yuko hapo? Mbona simsikii?"

Mama yake alimtazama Sekela, akaitazama sahani yake iliyokuwa nyeupe. Akachukua upawa kwa mkono wa pili, na Sekela akanyoosha sahani.

"Yupo," mama yake alisema kwenye simu. "Anakula."